Anachodaiwa Muuzaji: Kinyonga wa Rwenzori katika Mnada wa Mtandaoni

Mhadhara kwa wakazi wa Bwesumbu, Bwera na Kasese

Mada ya leo ni maadili ya muuzaji katika minada ya reptilia inayoendeshwa kwenye intaneti. Najua wapo wanaojiuliza jambo hilo linamhusu nini mkulima wa kahawa wa Bwesumbu au mama anayevusha biashara yake pale Mpondwe. Linawahusu kwa sababu wanyama wa mlima huu wamo kwenye minada hiyo, na kila mmoja wao alitoka kwenye tawi la mti fulani, katika mteremko fulani, mikononi mwa mtu fulani. Hoja yangu ni moja, na naisema mapema ili msiisubiri: wauzaji wa mtandaoni wamejitungia adabu nzuri kati yao na mnunuzi, lakini deni lao kubwa liko kule mnyama alikotoka, na deni hilo halina mdai.

Tuanze na mnada wenyewe. Muuzaji aliyeko Ujerumani au Marekani hupiga picha ya mnyama, huandika jina lake la kisayansi, jinsia, umri, hali ya afya kama anavyoieleza yeye, na mara nyingi nchi au mlima alikotoka. Huweka bei ya kuanzia na saa ya kufunga. Watu huweka dau wakiwa nyumbani, kazini, ndani ya treni. Dau hupanda polepole, kisha dakika za mwisho zinachacha, kwa maana kila mmoja alikuwa amejificha akingoja kuwapiku wenzake saa inapokaribia kukatika. Mshindi hulipa. Mnyama hutiwa ndani ya mfuko wa kitambaa au kopo lenye matundu, kopo huingizwa ndani ya boksi, na msafirishaji huondoka nalo usiku huohuo. Mnunuzi hakumshika, hakumwona akipanda mti, hakumwona akirusha ulimi kunasa panzi. Ameona picha mbili tatu na maneno ya muuzaji, basi. Kadiri mnunuzi anavyoona kidogo, ndivyo muuzaji anavyobeba mzigo mkubwa wa kusema kweli.

Sasa tumtazame huyo anayeuzwa. Wengi hapa mnamfahamu kinyonga mkubwa mwenye pembe tatu, mbili juu ya macho na moja puani. Mwenye pembe ni dume; jike wake hana. Anaweza kufikia sentimita 30 kwa urefu pamoja na mkia. Jina lake la kisayansi ni Trioceros johnstoni, kwa heshima ya Sir Harry Johnston, yuleyule aliyetia saini Mkataba wa Buganda mwaka 1900. Mwaka uliofuata, 1901, mtaalamu George Boulenger wa jumba la makumbusho la London aliandika maelezo ya kwanza ya kisayansi juu yake, na mwaka huohuo akaandika juu ya mwingine wa hapahapa ambaye leo anaitwa Kinyongia xenorhina. Dume wa huyu wa pili ana kitu kama pua ya bapa iliyochomoza mbele ya uso, na haishi popote duniani isipokuwa kwenye safu hii ya Rwenzori, upande wetu na upande wa Kongo. Mwaka 1929 akaongezwa Kinyongia carpenteri, naye wa milima hii. Kwa mtu anayekusanya vinyonga kama wengine wanavyokusanya stempu, Rwenzori ni jina linalomtoa mate.

Katika mnada, uhaba ndio unaopandisha bei. Duka la kawaida lina bei yake, na mteja akikosa leo atapata wiki ijayo. Mnada humwambia mteja kwamba huyu ni mmoja, saa inakwenda, na kuna mwenzako anamtaka. Mnyama wa mlima mmoja, anayeonekana sokoni mara chache, ndiye anayefaa mnada kuliko wote. Kwa hiyo nguvu ileile inayompa muuzaji faida ndiyo inayomvuta mtu aende msituni kumtafuta mwingine.

Ukubwa wa biashara hii si wa kukisia. Mwaka 2020 watafiti Benjamin Marshall, Colin Strine na Alice Hughes walichapisha katika jarida la Nature Communications matokeo ya kupekua maduka ya reptilia mtandaoni kwa lugha kadhaa pamoja na kumbukumbu za biashara za kimataifa. Waligundua kwamba zaidi ya asilimia 35 ya aina zote za reptilia zinazojulikana duniani zinauzwa. Robo tatu ya aina hizo hazimo katika mkataba wowote wa kimataifa unaosimamia biashara hiyo. Na karibu nusu ya wanyama mmojammoja wanaouzwa wametolewa porini. Mkisikia mtu anasema kwamba siku hizi reptilia wote wanazalishwa kwenye vizimba vya Ulaya, mjue hajasoma.

Nirudi kwa muuzaji. Ni haki kusema kwamba wauzaji makini wana maadili yao, na ni maadili ya kweli. Hawaruhusu wazabuni hewa, yaani ndugu au rafiki anayeweka dau la uongo ili bei ipande. Hawaondoi mnyama mnadani eti kwa sababu bei haikufika walipotaka. Picha iwe ya mnyama yuleyule atakayetumwa. Ulemavu utajwe: mkia uliokatika, jicho lililoharibika, pembe iliyovunjika. Mnyama akifika amekufa, pesa irudi. Kukiwa na joto kali au baridi kali njiani, kifurushi kisubiri. Ninayaheshimu haya yote. Muuzaji anayeyafuata ni mtu unayeweza kufanya naye biashara.

Lakini tazameni yanamlinda nani. Kila moja linamlinda mwenye kulipa. Hakuna hata moja linalomlinda asiyekuwepo mnadani. Mnyama hana sauti pale. Msitu hauna. Mzee wa Bwesumbu ambaye sheria ya nchi inasema mnyama huyo ni wake pamoja na wananchi wote wa Uganda, naye hayupo. Mnunuzi akidanganywa atarudishiwa pesa. Mlima ukidanganywa, hakuna dirisha la kulalamikia.

Nitawaonyesha udanganyifu mmoja kwa karibu, kwa sababu naamini ndio moyo wa jambo lote. Wauzaji hutumia herufi fupi chini ya picha. WC ni mnyama aliyetolewa porini. CB ni aliyezalishwa na wazazi walio kizimbani. CH ni aliyeanguliwa kizimbani. Msomaji mgeni anaziona CB na CH kama kitu kimoja: zote zinaonekana kusema kwamba mnyama alizaliwa nyumbani, hakuibwa msituni. Sasa fikirini jike wa pembe tatu. Aina hii hutaga mayai, tofauti na kinyonga wa Elliot mnayemwona kwenye bustani, ambaye huzaa watoto hai. Jike anakamatwa akiwa tayari amepandwa na dume wa mlimani, tumbo limejaa mayai. Anasafirishwa. Anafika amechoka, anataga kwenye udongo wa boksi, na mara nyingi safari na utagaji huo vinammaliza. Mayai yanawekwa mahali penye ubaridi, yanaanguliwa, na vichanga vinapigwa picha juu ya kidole cha mwenye nyumba. Chini ya picha: wameanguliwa nyumbani, wenye afya, hawana minyoo. Kila neno ni kweli. Na bado mnunuzi ameachwa aamini kwamba hakuna mnyama aliyetoka Rwenzori kwa ajili yake, wakati mama yao alitoka, na baba yao alibaki mtini bila jike.

Mkataba wa CITES wa biashara ya kimataifa ya wanyamapori na mimea, ambao Uganda ilijiunga nao mwaka 1991, umeliona tundu hilo. Vinyonga wote wa jamii ya Trioceros na Kinyongia wamo katika Kiambatisho cha II cha mkataba huo, maana yake wanaweza kuuzwa nje kwa kibali tu, na kibali kitolewe baada ya wataalamu wa nchi kuridhika kwamba kumtoa mnyama hakutaidhuru jamii yake porini. Kwenye kila kibali kuna herufi inayoeleza asili. W ni wa porini. R ni wa yai au mtoto aliyeokotwa porini akalelewa. C ni wa kuzalishwa kizimbani, na ili mnyama aipate herufi hiyo, azimio la mkataba linataka wazazi wawe wamepandana humohumo kizimbani, na kundi la wazazi liwe limepatikana kwa njia halali bila kuwadhuru walio porini. Watoto wa jike aliyekamatwa na mimba hawaistahili C, hata wakianguliwa katika sebule safi kuliko zote mjini Berlin. Wanayo herufi yao, F, ya waliozaliwa kizimbani bila kutimiza masharti hayo. Tofauti ya herufi moja. Muuzaji mwadilifu huiandika, na huongeza sentensi moja: mama yao aliletwa kutoka Uganda, mwezi fulani, kwa kibali namba fulani. Sentensi hiyo haimgharimu kitu ila pengine dau moja au mawili, na nadhani hapo ndipo wengi wanaposhindwa.

Kuna uongo wa moja kwa moja pia, wa kumtoa mnyama porini na kumwita CB. Mwenye jicho humkamata muuzaji huyo kwa picha yake mwenyewe. Kinyonga aliyeishi msituni ana makovu: mkwaruzo wa ndege mgongoni, kidole kilichopotea, pembe iliyochanika ncha kwa kupigana na dume mwenzake. Wakati mwingine unaona chini ya ngozi ya ubavu mstari mwembamba uliojikunja, umeinuka kidogo, kama uzi uliosahauliwa na fundi. Huo ni mnyoo. Hupatikana kwa wadudu wa porini, si katika kizimba cha mzalishaji hodari. Tazameni na macho: kinyonga mwenye maji ya kutosha macho yake yamejaa, yametuna, aliyekauka njiani yamezama ndani. Wengi hawanywi maji ya kwenye bakuli, hulamba matone kwenye majani, na kwa hiyo anayekaa siku kadhaa ndani ya mfuko gizani hukauka hata kama mtu alimwekea maji pembeni. Wa kwetu wana shida nyingine tena, kwamba wamezoea usiku wa baridi wa mlimani. Chumba cha joto kinachomfurahisha chatu kinamuua yeye polepole.

Ndiyo maana takwimu za vinyonga ni mbaya kuliko za reptilia wengine. Utafiti wa Janine Robinson na wenzake, uliochapishwa mwaka 2015 kwa kuwahoji wafugaji wa Uingereza, ulikuta kwamba reptilia waliokufa ndani ya mwaka wa kwanza nyumbani walikuwa chini ya asilimia 4 kwa jumla. Kwa vinyonga ilikuwa asilimia 28. Na hao ni wale waliofika nyumbani wakiwa hai. Nyuma yao kuna ghala. Desemba 2009 maafisa wa Marekani waliingia katika ghala la mfanyabiashara mmoja mkubwa wa wanyama huko Arlington, Texas, aliyekuwa akiuza pia kwa njia ya intaneti, wakakuta wanyama zaidi ya 26,000. Wataalamu waliowachunguza waliripoti baadaye kwamba karibu asilimia 80 walikuwa wagonjwa, wamejeruhiwa au wamekufa. Muuzaji wa mwisho mwenye picha nzuri anaweza kuwa hajawahi kuona ghala la namna hiyo. Lakini alinunua kutoka kwa mtu, na angeweza kuuliza.

Kuna jambo lingine ambalo huandikwa kwa nia njema na linaleta madhara: jina la mahali. Wakusanyaji hupenda kujua mnyama alitoka bonde gani, mto gani, kilima gani, na huongeza pesa kwa ajili hiyo. Muuzaji anayetaja mahali halisi anadhani anasema ukweli zaidi. Anaonyesha njia. Mwaka 1999 wanasayansi walimweleza mjusi mpya wa mapangoni huko kusini mwa China, Goniurosaurus luii, wakataja alikopatikana. Wafanyabiashara waliisoma makala hiyo kama ramani, na hatimaye mjusi huyo akamalizwa kabisa pale alipogunduliwa. Tangu hapo wataalamu wengi huficha mahali. Muuzaji naye aseme nchi, aseme safu ya milima, aonyeshe kibali. Jina la kijiji na mto limwendee afisa wa serikali, lisiandikwe chini ya picha.

Hapa Afrika Mashariki tuna mfano unaouma zaidi. Mkoani Morogoro, Tanzania, chini ya milima ya Uluguru, kuna msitu mdogo wa Kimboza, wa kilomita za mraba chache tu. Humo anaishi mjusi mdogo, Lygodactylus williamsi, ambaye dume wake ni wa buluu ing'aayo. Anategemea miti ya mkadi. Picha zake zilipoenea, Ulaya na Marekani zikamtaka. Watafiti walikadiria kwamba kati ya Desemba 2004 na Julai 2009 kundi moja tu la wakamataji lilitoa mijusi kati ya 32,310 na 42,610, sawa na karibu asilimia 15 ya wote waliokuwepo. Ili kumfikia mjusi aliyejificha kati ya majani ya juu, mti mzima ulikatwa. Fikirini hilo: kwa ajili ya mnyama wa gramu chache, nyumba yake na ya wenzake inaangushwa. Mwaka 2016 nchi wanachama wa CITES, zikikutana Johannesburg, zilimweka katika Kiambatisho cha I, ambacho kinazuia biashara ya walio porini. Mwaka huohuo Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi. Ulinzi ulikuja, lakini ulikuja baada ya mikadi kulala chini.

Kenya ilikuwa imezuia mapema usafirishaji wa kinyonga wake wa pembe tatu, yule wa Jackson. Hata hivyo wachache waliokwisha kutoka, wakaachiliwa visiwani Hawaii mwaka 1972 na mwenye duka la wanyama, wamezaliana huko mpaka wamekuwa kero kwa konokono na wadudu wa visiwa hivyo. Na mwaka 2025 mahakama ya Nairobi iliwatoza faini ya shilingi za Kenya milioni moja kila mmoja vijana wawili wa Ubelgiji waliokutwa Naivasha na sisimizi wapatao 5,000 ndani ya vichupa. Nautaja mkasa huo wa wadudu kwa sababu unaonyesha mahakama zetu zimeanza kuelewa kwamba kiumbe kuwa kidogo hakumaanishi kwamba hakina thamani.

Sheria yetu ya Uganda inasemaje? Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 inasema mnyamapori yuko mikononi mwa serikali kwa niaba ya wananchi na kwa faida yao. Anayetaka kumtumia lazima apewe haki ya matumizi, na haki hizo zimegawanywa kwa madaraja: biashara ya wanyama ina daraja lake, ufugaji lake, utafiti na elimu lake. Kumkamata kinyonga na kumuuza bila haki hiyo ni kosa, awe ametoka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rwenzori au kwenye mti wa kivuli katika shamba lako mwenyewe. Hili la mwisho watu wengi hawalijui. Shamba ni lako, mti ni wako, kinyonga si wako peke yako.

Marekani wana sheria ya mwaka 1900 iitwayo Lacey, ambayo pamoja na marekebisho yake inamfanya mtu kuwa na kosa akiuza huko mnyama aliyekamatwa kinyume cha sheria ya nchi nyingine. Umoja wa Ulaya hauna sheria ya jumla ya namna hiyo. Mnyama akiwa katika orodha ya CITES ataulizwa karatasi. Asipokuwa katika orodha, hata kama Uganda imemlinda, anaweza kusimama mezani kwenye maonyesho makubwa ya reptilia ya Hamm, Ujerumani, ambako mara nne kwa mwaka watu hukabidhiana wanyama waliokwisha kukubaliana bei mtandaoni. Chukueni nyoka wa kijani na weusi wa kwenye mafunjo na vichaka vya huku kwetu, Atheris nitschei. Ndugu yake wa Mlima Kenya aliingizwa Kiambatisho cha II mwaka 2016. Yeye aliachwa nje. Kwa mnyama wa aina hiyo, katika sehemu kubwa ya Ulaya, kinachosimama kati yake na mnada ni dhamiri ya muuzaji peke yake. Ndiyo maana nasema hatuwezi kuliacha suala hili kwa wanasheria.

Sasa nizungumze na muuzaji wa kwanza, ambaye hayuko Berlin. Ni kijana mwenye tochi. Usiku kinyonga hulala nchani mwa kitawi, rangi yake ikififia mpaka karibu na weupe, na mwanga ukimpiga anaonekana kutoka mbali kati ya majani meusi. Kumchukua ni kunyoosha mkono tu. Kijana huyo hupewa pesa ya chumvi na sabuni. Dalali anayempelekea mwenye kampuni hupata zaidi, mwenye kampuni zaidi, mwagizaji zaidi, na wa mwisho anayeweka picha mnadani hupata pesa nyingi kuliko wote waliotangulia. Hatari imegawanywa kinyume chake. Askari wa hifadhi akitokea, anayekamatwa ni mwenye tochi. Siwezi kumlaumu kijana huyo kwa sauti ileile ninayotumia kwa muuzaji anayejua kusoma kibali, aliye na leseni na mwanasheria. Lakini simwachi pia. Anayekamata jike tumbo limejaa mayai anajua anachokifanya, anaona.

Wakulima wa hapa mnaijua njia iliyo bora kuliko hii, kwa sababu mmeipita na kahawa. Zamani kahawa yetu ilikaushwa na maganda yake, ikachanganywa yote gunia moja, na mlanguzi akaja akaichukua kwa bei anayoitaka. Wengine waliiuza ikiwa bado ua mtini. Vyama vya ushirika kama Bukonzo Joint pale Kyarumba vilipoanza kuosha, kupanga madaraja na kuweka kumbukumbu za mkulima mmojammoja, mnunuzi wa Ulaya aliweza kufuata gunia mpaka kwenye kilima chake, na sehemu ya bei ikafuata njia hiyohiyo kurudi. Kwa kinyonga, jina la mlima linafika Ulaya lakini karatasi inakatika katikati ya njia, na pamoja na karatasi inakatika pesa. Muuzaji wa mnadani anayeandika Rwenzori ili apandishe dau, kisha hawezi kuonyesha ni nani Rwenzori aliyelipwa na kwa haki ipi, anauza jina lisilo lake.

Watu wa Bwera mna la ziada. Rwenzori ni mlima mmoja na mpaka umepita katikati. Ng'ambo ya mto Lhubiriha ni Kasindi, na msitu wa upande ule uko chini ya Hifadhi ya Virunga iliyoanzishwa mwaka 1925. Ninyi mnaovusha bidhaa mnajua cheti cha asili ni nini, na mnajua kinavyoweza kusema kitu kimetoka mahali ambako hakikutoka. Kinyonga wa upande wa Beni akivushwa Mpondwe mfukoni na kuondokea Entebbe, karatasi zitamwita wa Uganda. Wataalamu wa Kampala wanaohesabu ni wangapi wanaoweza kutolewa bila madhara watakuwa wanahesabu msitu mmoja huku unaovunwa ni mwingine, katika nchi ambayo vita vimewazuia askari wa hifadhi kufanya kazi yao kwa amani. Mfuko wa kitambaa wa namna hiyo ukipita mbele yenu, ninyi ndio mashahidi pekee ambao mlima unao.

Nimeulizwa kabla ya kuanza: je, nataka biashara hii ifungwe kabisa? Kwa Kinyongia xenorhina, ambaye hana mlima mwingine, ndiyo, walio porini wabaki porini. Kwa aina zenye eneo kubwa zaidi, kama pembe tatu anayefika mpaka Rwanda na Burundi, ningekubali biashara ndogo, ya kuzalisha kweli, yenye vibali vinavyokaguliwa, na yenye fungu linalorudi kwa kata zinazopakana na hifadhi kama linavyorudi fungu la asilimia 20 la viingilio vya watalii. Mpaka hapo patakapofikiwa, vijana wanaoweza kuwatambua vinyonga usiku wana kazi nyingine inayowafaa. Mgeni anayelipa kumwona kinyonga huyo kwenye kitawi chake atalipa, na kesho yake atakuja mwingine kumwona yuleyule.

Na mtu akikuandikia kwenye WhatsApp kwamba anatafuta pembe tatu, awe yuko Kampala au ng'ambo ya bahari, usianze na bei. Mwulize ana haki ya matumizi ya daraja gani na namba yake. Mwulize kwenye kibali cha CITES ataandika herufi gani, na kama anataka majike, ni ya nini. Mwulize chini ya picha ya mnadani ataandika mnyama ametoka wapi na nani amelipwa kiasi gani. Mwenye biashara halali atajibu, pengine kwa furaha, maana maswali hayo ndiyo anayoulizwa na maafisa kila siku. Anayekukasirikia au kukuahidi pesa zaidi ili uache kuuliza, hifadhi namba yake ya simu, na asubuhi uifikishe kwa mlinzi wa hifadhi aliye karibu nawe.